Mwalimu Aliyepima Bila Kuhesabu

Alikuwa hapendi kabisa neno "kama." Ukimwambia ndoo ile ina kama lita kumi za maji, alikuuliza hiyo kama umeipima kwa chombo gani. Mama yangu, aliyepika kwa kukadiria na kuuza mawese kwa kukadiria, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika, alimwona mtu wa ajabu tangu alipokuja kupanga chumba chetu cha uani pale Gungu, Kigoma. "Huyu Mrundi akioa," alisema Mama, "mkewe atapimiwa hata usingizi." Kumbe alikuwa ameoa. Mkewe alibaki upande wa pili wa ziwa, na sisi tulijifunza mapema kutouliza alibakije.

Nitamwita Mwalimu tu. Ndivyo tulivyomwita nyumbani. Mtaani walimwita Mwalimu wa Moli, na watoto wadogo walidhani Moli ni mwanawe wa kwanza. Jina lake halisi alikuwa nalo, tena refu, lakini alilitaja mara chache, na kabla ya kulitaja aligeuka kutazama nani yuko karibu. Alikuja miaka ile watu wa Burundi walipokuwa wakishuka ufukweni Kigoma na magodoro kichwani, wengine na mbuzi, wengine na mlango wa nyumba waliyoiacha. Kwao alifundisha kemia kwenye shule kubwa yenye maabara. Kwetu alikuwa mpangaji.

Kwa ambaye kemia ilimpita kando, moli ni fungu. Muuza mayai ana trei, muuza sahani ana dazeni, na mkemia ana moli. Ila fungu la mkemia ni kubwa mno, sita nukta sifuri mbili mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu, na ukianza kulihesabu leo, wewe na wajukuu wako na wajukuu wao mtazikwa hamjafika popote. Chembe zenyewe hazionekani kwa macho. Kwa hiyo huzihesabu, unazipima. Ukishajua moli moja ya kitu ina gramu ngapi, mizani itakuambia una moli ngapi, na moli zitakuambia una chembe ngapi. Mtihani wa kidato cha nne haukuacha kuuliza jambo hili, na shule yetu haikuacha kulikosa.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa amehamishwa na hakuja mwingine, tukawa tunanakili vitabu kama watu wanaonakili maombi ya lugha wasiyoijua. Mama alimwona mpangaji wake anasoma kitabu cha kemia kibarazani huku akikuna kichwa, akamwambia, "Mwalimu, huyu binti yangu hicho kitu kinamtoa jasho. Hebu mtazame." Alinitazama. Baada ya juma moja tulikuwa watoto wa nusu ya mtaa, tumekaa juu ya magogo na ndoo zilizopinduliwa uani kwetu, mbele ya ubao wa mbao nyembamba alioupaka masizi ya betri kuukuu yaliyosagwa.

Alikuwa mkali. Sikumbuki alinipiga, lakini alikuwa na namna ya kunyamaza baada ya jibu bovu, akilitazama ubaoni kwa huruma, mpaka mwenye jibu akainuka mwenyewe kwenda kulifuta. Kosa lililomuudhi kuliko yote ni la mtu aliyepewa gramu akaulizwa chembe, halafu akaruka moja kwa moja. Huwezi, alisema. Lazima upitie moli.

"Unatoka Bangwe, unakwenda Mwandiga," alisema. "Utapita wapi?"

"Mjini, Mwalimu."

"Hupendi mjini. Mjini kuna watu unaowadai, kuna watu wanakudai. Utapita wapi?"

"Mjini, Mwalimu."

"Ego, ndiyo. Gramu ni Bangwe. Chembe ni Mwandiga. Moli ni mjini. Mbega, je, kuna aliyeota mabawa hapa?"

Hakuna aliyekuwa ameota mabawa. Gramu tisa za maji, gawanya kwa kumi na nane, nusu moli. Nusu moli mara ile namba kubwa, hizo hapo molekuli zako. Nilipopata jibu hilo peke yangu kwa mara ya kwanza nilikimbia nalo jikoni kumwonyesha Mama, ambaye hakuelewa hata mstari, akanipa andazi.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la dagaa na migebuka, wale samaki wakubwa wa ziwa letu. Alitutuma Katonga, ufukweni, asubuhi dagaa walipokuwa wakianikwa, turudi na dagaa kumi na wawili na migebuka kumi na wawili, ingawa kwa migebuka tulipata wawili tu na kelele nyingi za mwenye samaki. Aliwapanga juu ya gunia. Dazeni ni dazeni, alisema, idadi haibadiliki. Sasa dazeni ipi inavunja mkono? Tulipiga kelele wote kwamba ya migebuka. Basi, akasema, moli moja ya kaboni ni dagaa, moli moja ya chuma ni migebuka: idadi moja, uzito mbalimbali, gramu kumi na mbili huku na hamsini na sita kule. Paka wa jirani aliondoka na dagaa wawili tukabaki na kumi, na Mwalimu akasimamisha somo mpaka wengine wawili walipopatikana, kwa sababu kumi si dazeni.

Mizani hakuwa nayo. Hili lilimuuma kama njaa. Siku moja alituchukua wachache hadi Ujiji kwa sonara mmoja mzee, akamwomba amruhusu apime chumvi. Sonara alishangaa. Mizani yake ni ya dhahabu, alisema, na chumvi inakula madini. Mwalimu akavua kofia. Alimweleza yule mzee kwa upole kwamba watoto hawa wamesoma moli mwaka mzima na hawajawahi kuiona hata moja, na kwamba chumvi ya Uvinza ikipimwa gramu hamsini na nane na nusu ni moli kamili, na kwamba ataiweka juu ya karatasi, haitagusa sahani. Sonara alitutazama tulivyojipanga mlangoni na vumbi letu la Gungu. Akakubali. Tuliitazama ile chumvi ikiongezwa kidogo kidogo hadi sindano iliposimama, na nasema kweli, moyo ulinidunda.

Tukairudisha nyumbani kwa miguu, tukipokezana karatasi. Mwalimu aliiweka dirishani ili kesho wote waione. Jioni Mama alipungukiwa chumvi, akaiona, akaitia kwenye maharage. Mwalimu alipoambiwa alisogeza kiti mezani. "Leo tunakula moli moja," alisema. Maharage yalikuwa makali mno, lakini alimaliza sahani, na alicheka, na ni mojawapo ya mara chache nilizomwona akicheka meno yakaonekana.

Kulikuwa na mwiko nyumbani kwetu, nao uko nyumba nyingi za Waha: usihesabu watoto wa watu kwa kidole. Ukiwahesabu unawapunguza. Siku ya kwanza ya tuisheni, kiranja wetu wa darasa aliyejipa kazi ya mahudhurio alianza kutunyooshea kidole, mmoja, wawili, watatu, na Mama akatoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. "We mtoto! Umetumwa na nani kutuhesabia watoto?" Tulidhani Mwalimu, mtu wa sayansi, atamcheka. Aligeuka rangi. Alimwambia kiranja akae, akamwambia Mama, "Una haki, Mama mwenye nyumba," na siku hiyo hakufundisha tena.

Muda mrefu baadaye ndipo aliponiambia, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa molekuli za maji. Watu wenye silaha walikuja darasani kwake mchana, kule Burundi. Walikuwa na mtu aliyewajua wanafunzi. Wakahesabu kwa kidole: wewe, na wewe, na wewe yule wa dirishani. Hao walitolewa nje, hawakurudi. Ubaoni kulikuwa na somo la moli ambalo hakulimaliza. Ndiyo maana aliipenda moli, alisema, kwa kuwa ndani ya moli hakuna anayenyooshewa kidole. Wanapimwa wote pamoja, na hakuna anayejulikana ni nani.

Kwa hiyo huyu mtu aliyetaka kila kitu kihesabiwe aliogopa kuhesabiwa yeye. Balozi wa nyumba kumi alipopita kuandika wageni, Mwalimu alikuwa amekwenda ziwani kuoga, na alioga mpaka jua likazama. Alikuwa na mikinzano mingine pia. Alituambia mtu wa sayansi hatumaini, anapima. Na yeye mwenyewe alikuwa mtu mwenye tumaini kubwa kuliko wote niliowahi kuwajua, na lilikuwa moja tu. Alitaka kusimama tena darasani. Si uani. Darasa lenye mlango, kengele, watoto wanaosimama mwalimu akiingia, na meza ya maabara yenye mizani juu yake.

Halikuwa tumaini la kijinga. Shule moja ya sekondari njia ya Mwandiga haikuwa na mwalimu wa kemia, na mkuu wake alikuwa amesikia habari za uani kwetu. Alikuja mwenyewe, akakaa juu ya ndoo kama sisi, akasikiliza, akasema huyu mtu ninamtaka hata kesho. Kilichotakiwa ni kibali. Mkimbizi hafanyi kazi bila kibali. Basi kila Ijumaa Mwalimu alipasha pasi ya mkaa, akanyoosha shati lake jeupe, akaenda ofisini kuuliza kibali kimefika wapi. Kila Ijumaa aliambiwa aje Ijumaa.

Mama alimfariji kwa methali, kama ilivyo desturi yake. Subira yavuta heri, Mwalimu. Alizipokea kwa adabu, isipokuwa moja. Siku alipomwambia kwa utani kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, aliweka chini kikombe cha chai.

"Mama mwenye nyumba, hilo jembe ndilo ninaloliomba," alisema. "Kila Ijumaa naliomba. Wananiambia mgeni pumzika."

Mama hakuitumia tena methali hiyo kwa mtu yeyote, na mimi nikiisikia leo kwenye hotuba nashikwa na hasira.

Kiingereza kilimsumbua. Kemia aliijua kwa Kifaransa, akatufundisha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi, na mtihani wetu ulikuwa wa Kiingereza. Kwa hiyo mchana, kabla ya wenzangu kufika, mimi nilikuwa mwalimu na yeye mwanafunzi. Alirudia maneno baada yangu, akiyatafuna kama mtu anayekula muwa kwa mara ya kwanza. Alisema akipata kibali hataki watoto wa Mwandiga wamcheke. Alikuwa na mvi tayari, na alinisikiliza mimi, msichana wa miaka kumi na saba, kwa heshima ambayo sijaipata kwa wanafunzi wangu hata mmoja.

Nilifaulu kemia. Wengi wa uani tulifaulu. Mkuu wa ile shule ya njia ya Mwandiga alikuja kumpongeza na kumuuliza habari za kibali. Mwalimu alimjibu kwamba wamemwambia Ijumaa.

Kabla ya Ijumaa yoyote ya maana kufika, ilikuja amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi mitaani wapelekwe kambini. Walikuja mgambo asubuhi, kabla ya chai. Walipita nyumba kwa nyumba wakisikiliza watu wanavyozungumza, lakini kwa Kigoma huko ni kujichosha, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja na mtu akitaka kujificha ndani ya Kiha atajificha. Wapo waliojificha, na leo ni wazee wa mitaa, na mimi nawaamkia. Mama alikuwa amejiandaa. Mgambo alipomuuliza yule mzee wa uani ni nani, alijibu bila kupepesa.

"Ni kaka yangu. Wa Kasulu."

"Mzee, ni kweli?"

Mwalimu alikuwa ananyoa ndevu, upande mmoja una povu. Lilikuwa jambo la neno moja. Angesema ndiyo, au angeitikia kwa kichwa tu.

"Oya, siyo," alisema. "Mama huyu ana moyo mzuri. Mimi ni mkimbizi, kutoka Burundi."

Walimruhusu amalize kunyoa. Waliwapanga wakimbizi barabarani, familia kwa familia, na mtu mmoja akapita akiwagusa bega kwa fimbo, mmoja, wawili, watatu. Mwalimu alifumba macho fimbo ilipomfikia. Mama alilia kwa hasira siku nzima. "Neno moja tu!" alikuwa akisema. "Mtu mzima na elimu yake, ameshindwa kusema uongo wa neno moja!" Mimi nilimkasirikia pia, na sijui kama hasira hiyo imeisha. Nadhani aliamini kwamba akisema uongo siku hiyo, kibali kikija kitakuja kwa mtu mwingine, kaka wa Kasulu, asiyejua kemia.

Kambini alipata darasa. Hilo lazima niliseme ili nisionekane nalalamika tu. Kuta za matofali mabichi, paa la turubai, watoto wengi kupita kiasi. Nilikwenda kumtembelea nikiwa nimeanza kazi ya ualimu, kemia, kama ungetarajia. Kibali cha kuingia kambini nilikipata kwa urahisi kuliko yeye alivyotafuta cha kutoka. Nilikaa benchi la nyuma. Alikuwa amekonda, shati jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya udongo wa huko, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Moli moja ya kaboni na moli moja ya chuma," aliuliza. "Ipi nzito?"

"Sawa!" darasa zima likajibu.

Akanyamaza kwa namna yake. Hakuna aliyeinuka kufuta. Akamwita msichana mmoja wa mbele amweleze kwa nini sawa.

"Mwalimu, umesema moli ni fungu," alisema yule msichana. "Fungu la mtu mmoja ni moja. Mzee, mtoto, mnene, mwembamba, siku ya mgawo wote wanapimiwa sawa."

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Walikuwa wamezaliwa kambini, au waliletwa migongoni. Kitu pekee walichowahi kuona kikipimwa kwa mizani ni unga na maharage ya mgawo, na mgawo haujali wewe ni kaboni au chuma. Samaki wa kuwapanga juu ya gunia hawakuwepo. Ziwa lilikuwa mbali, na dagaa walifika kama harufu tu kwenye mabasi. Mwalimu alijaribu mawe na majani, alijaribu kokoto na punje za mahindi, na walimkubalia kwa adabu, halafu kwenye zoezi wakaandika tena sawa.

Tulipotoka nje alikaa kwenye kivuli cha ukuta. "Gungu mlikosea kwa uvivu," alisema. "Uvivu una dawa. Hawa hawakosei, mwana wanje, mwanangu. Wanasema walichokiona." Alichukua udongo akauachia upite katikati ya vidole. Nilimwambia watazoea, watakua, watatoka. Aliniuliza watatoka waende wapi. Vyeti vya shule ile havikutambuliwa upande wetu, na upande wa kwao vita vilikuwa bado.

Aliendelea kufundisha. Naona watu wanapenda kusikia hivyo, kwamba aliendelea, kana kwamba kuendelea kunalipa. Yule msichana wa mbele aliolewa kabla ya kumaliza. Waliobaki walifaulu mitihani iliyowapeleka kwenye kivuli cha ukuta ule ule, wakakaa. Wengine walirudi darasani kusikiliza somo walilokwisha kulifaulu, maana nje hakukuwa na kingine. Mwalimu aliwaruhusu. Aliniambia huo ndio mwaka alioanza kuogopa kuingia darasani, yeye aliyeota mlango wa darasa miaka yote, kwa kuwa alijua anachowafundisha hakina pa kwenda.

Kisha ikaamuliwa kambi ifungwe na watu warudi kwao, kwa kuwa kwao kumetulia. Watu hawakutaka. Walikumbuka kutulia kwa nyuma kulikuwaje. Shule zikasimamishwa kwanza, ili kambi isiwe mahali pa kukaa. Mabati na madawati yakapakiwa kwenye malori, na Mwalimu akapigwa marufuku kufundisha.

Nilipolisikia hilo nilikwenda kwa mkuu wangu wa shule. Tulikuwa na upungufu mkubwa wa walimu wa sayansi, nilikuwa nafundisha mikondo yote peke yangu. Nilimweleza habari za Mwalimu, na mkuu, mtu wa Kilimanjaro asiyejua lolote kuhusu uani kwetu, aliguswa, akaandika barua, akaifuata mwenyewe ofisi kwa ofisi. Nilimtumia Mwalimu salamu kwamba safari hii kuna mtu mzito anashughulika, avute subira. Nikasubiri. Miezi ikapita, nikawa kila siku naingia ofisini kwa mkuu kabla ya kipindi cha kwanza, naye ananitikisia kichwa. Siku ambayo hakutikisa kichwa, aliniambia nikae. Wamekataa. Kambi inafungwa, haiwezekani kumtoa mtu mmoja, wengine nao watataka. Mkuu aliomba radhi kana kwamba kosa ni lake.

Habari kama hiyo huipeleki kwa mdomo wa mtu mwingine. Nilipanda basi.

Kambi ilikuwa imeshapungua. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa na wenyewe waliobaki walikaa kati ya vifusi, vyungu nje, kuku juu ya magodoro. Nilimkuta mbele ya kibanda chake, amekaa kwenye kigoda, ameoga, amenyoa. Aliniona kwa mbali akasimama. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza habari za Mama, habari za watoto wa shule, habari za ziwa, yote kwa utaratibu. Aliingia ndani akanitolea kigoda kingine, akanipa maji kwenye kikombe cha bati.

"Sema," alisema.

"Wamekataa, Mwalimu."

Alitazama kikombe mkononi mwangu mpaka nikajiona ninapaswa kunywa, nikanywa.

"Walisema sababu?"

Nikamwambia sababu. Alisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi akisoma zoezi, kichwa kimeinama upande. Nikaendelea kuongea. Nilimwambia mkuu hajakata tamaa, kwamba kuna mtu mwingine tunaweza kumwona, kwamba akirudi Burundi labda kule watamhitaji, walimu wa kemia ni wachache dunia nzima. Aliniachia niseme yote.

"Burundi nimepita umri wa kuajiriwa," alisema. "Nimeuliza. Na shamba lina watu wengine juu yake, nalo nimeuliza." Hakusema kwa uchungu. "Lori langu ni wiki ijayo. Sitagombana nao."

Nililia. Sikuona haya, nililia mbele yake kwa sauti, na jirani mmoja aliyekuwa akifunga mizigo akageuka kutazama. Mwalimu hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, halafu akaniambia jambo nililokuwa sijawahi kulifikiria tangu nilipoanza kumtembelea na vifurushi vyangu vya sukari na salamu za mkuu.

"Mwana wanje, ulipotuma salamu kwamba kuna mtu mzito anashughulika, nilifua shati. Kila asubuhi nimelivaa. Miezi yote hii, kila gari lililoingia kambini nilisimama." Alivuta pumzi. "Kabla ya salamu zako nilikuwa nimeshatulia. Nilikuwa nalala vizuri."

"Mwalimu, nilitaka kukusaidia."

"Najua. Ulitaka, na Mama yako alitaka, na yule mkuu wa Mwandiga alitaka. Wote mlinipenda. Sasa nakuomba." Alikichukua kikombe mkononi mwangu na kukiweka chini. "Nikishavuka, usinitafute. Usimtume mtu, usiulize. Nikikuona, naanza tena kutumaini, na mimi siwezi tena."

Nilimwambia sawa. Alinisindikiza hadi mwisho wa kambi anaporuhusiwa kufika, tukapeana mikono, akageuka kurudi. Lori lilimchukua wiki iliyofuata. Sijamtafuta.